Lori Lililoingia Bila Kutoka

Siku ya kwanza niliporipoti kazini, katika karakana ya serikali pale Tarime, sikupewa spana. Nilipewa nyundo ndogo na kuambiwa nigonge nati. Fundi Mkuu, mzee wa Kinyamwezi aliyekuwa fundi wa malori katika vita vya Bama, yaani Burma, alinipeleka kwenye gurudumu la nyuma, akagonga nati moja, akaniuliza nimesikia nini. Nikajibu kwamba nimesikia chuma. Akasema hata mbuzi angesikia chuma. Akagonga nati ya pili, nayo ikatoa sauti fupi, ya kukohoa. "Ile ya kwanza imekaza," alisema. "Hii inataka kuua mtu njiani. Ukishajua kuzitofautisha, njoo uombe spana." Nilizunguka na nyundo ile kwa majuma mengi mpaka nikazisikia nati usingizini.

Jina langu ni Idi. Babu yangu alifika Tarime na mzigo wa chumvi, akaoa, akabaki. Wakurya wakatuita Waswahili, ingawa bahari yenyewe mimi niliiona nikiwa tayari na wajukuu. Nimekuwa fundi wa magari makubwa tangu miaka ya mwanzo ya Azimio la Arusha mpaka walipoona macho yangu yamechoka wakanipa mkono wa kwaheri. Kazi iliyonipa jina ni moja: kuyavisha malori ya zamani ya jeshi magurudumu mawili mawili nyuma, yale tuliyoyaita dabo. Vijana wa gereji za Mugumu huniomba niwaeleze kazi hiyo ilivyofanywa kabla ya mashine za upepo kuwafungulia nati huku wao wakitafuna miwa. Nitawaeleza. Ila nitaeleza pia jambo ambalo hawaniulizi, kwa sababu wazazi wao waliwaonya wasiliulize.

Malori yale Waingereza waliyaacha walipomaliza vita vyao. Yalikuwa na pua fupi na mbao nene ubavuni, na rangi ya kijani ambayo hata ukiipaka juu rangi nyingine ilirudi kuchungulia. Nyuma yalikuwa na gurudumu moja tu kila upande, tairi pana lenye meno makubwa, lililotengenezwa kwa mchanga wa jangwani. Huko jangwani sawa. Lakini ulipakie mahindi ya Itiryo, ulipandishe vilima vya Tarime, kisha ulishushe kwenye udongo mweusi wa Serengeti wakati wa masika, utalala njiani. Tena matairi ya namna ile yalikuwa hayaletwi tena. Yaliyochakaa yaligombewa sokoni na washona katambuga, maana viatu vilivyokatwa kwenye mpira ule vilidumu mpaka mwenye navyo akavichoka yeye.

Dawa ikawa dabo. Unaliinua lori kwa jeki na kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Unatoa gurudumu la zamani, unang'oa stadi fupi, yaani zile pini zenye uzi zinazoshika nati, na kugongea stadi ndefu mahali pake. Unavalisha ringi ya ndani tumbo lake likitazama nje, unaikaza kwa nati za kikombe, ambazo ndani zina uzi wa kushika stadi na nje zina uzi wa kupokea nati nyingine. Halafu ringi ya nje, tumbo likitazama ndani, matumbo yagusane. Upande wa kushoto nyuzi zote hukazwa kinyume, ili gurudumu likizunguka lisijifungue. Mafundi wengi wapya wamekata stadi za kushoto wakidhani wanafungua, na mimi nimewapigia makofi.

Matairi ya upande mmoja lazima yalingane kimo. Likizidi moja, hilo hubeba mzigo wote na mwenzake husindikiza tu. Na kati yao lazima mkono upite, kwa sababu yakipata mzigo hutanuka, na yakigusana huchomana mpaka moshi utoke. Fundi Mkuu alikuwa na neno lake kuhusu hilo. Alikuwa akisema, "La nje unaliona. La ndani hulioni. Basi mheshimu usiyemwona." Alilisema kila mara, hata wakati wa kula, tukawa tunamcheka akigeuka.

Nilipokwisha kuaminika, Bwana Karakana, ndivyo tulivyomwita msimamizi wetu, alinihamishia Mugumu nikawe fundi wa malori ya huko. Ilikuwa wakati wa watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Kila lori lililoweza kutembea lilitakiwa, na lililoshindwa kutembea lilitakiwa zaidi. Kutwa nzima yalipita yamepakia paa za nyumba, vihenge vya nafaka, mitungi, kuku waliofungwa miguu, na wazee waliokaa juu ya vitu vyao wakitazama walikotoka. Dereva niliyefanya naye kazi zaidi aliitwa Marwa, Mkurya wa upande wa Genkuru, mtu wa maneno machache aliyependa kuendesha huku dirisha likiwa wazi hata mvua ikinyesha.

Kulikuwa na mzee aliyeitwa Magoiga, aliyeishi peke yake katika boma lake mbali na barabara. Wake zake walikwisha kufa, na wanawe walikuwa wamehama, akiwemo mkubwa wao, Chacha. Zamu yake ilipofika, Marwa alikwenda kumchukua kwa lori la jeshi ambalo bado lilikuwa na magurudumu yake ya zamani. Marwa alinisimulia kwamba mzee hakubisha. Alitazama wakipakia paa la nyumba, kihenge, mlango na kigoda chake cha miguu mitatu, akapanda na katambuga zake miguuni. Aliuliza neno moja tu, kama lori litarudi. Marwa akamjibu kwamba litarudi, kwa sababu kweli kulikuwa na maboma mengine ya kuhamisha upande ule.

Walifika kijiji kipya mvua ikimwagika. Kijiji hicho sitakitaja, watu wake wapo na wana heshima zao. Lori liliposimama katikati ya kijiji, tairi la nyuma la kulia likapasuka hapo hapo. Watu wakashusha mizigo mbio mbio na kukimbilia kwenye vibanda. Marwa akaenda Mugumu kuniita. Nilikuja na trekta lililobeba ringi, stadi na matairi mapya, nikapiga jeki chini ya turubai, na lori likatoka pale na dabo zake, zuri, limesimama imara. Magurudumu ya zamani niliyarudisha Mugumu, nikaziba lile lililopasuka na kuyaegemeza ukutani. Hakuna aliyeniambia habari za mzee yeyote, na mimi sikuuliza. Mimi nilikwenda kwa ajili ya magurudumu.

Masika ilipokatika, jua liliukausha udongo mweusi ukawa kama tofali, na kila kilichokuwa kimekanyaga kikabaki kimechapwa pale. Ndipo Chacha alipokwenda kumsalimu baba yake katika kijiji kipya. Balozi wa nyumba kumi akashangaa, kwa kuwa yeye alijua mzee amechukuliwa na mwanawe. Mwanawe alijua mzee yuko kwa balozi. Vitu vya mzee vilikuwepo, kihenge kipo, mlango upo. Mwenyewe hakuwepo, na hakuna aliyeweza kusema alimwona tangu siku ya mvua.

Hapa lazima niwaeleze wasomaji wa mbali. Katika nchi ile, ng'ombe akiibwa, watu hufuata nyayo. Nyayo zikiingia katika kijiji, wenye kijiji hutakiwa kuonyesha zilikotokea kwenda nje. Wakizionyesha, mzigo unahamia kijiji kinachofuata. Wakishindwa, ng'ombe yuko kwao, na watajibu kama wezi. Na mtu anayezifuta nyayo, hata kwa kuswaga tu mifugo yake juu ya nyayo hizo, hujibu pamoja na mwizi. Sheria hiyo ni ya zamani kuliko serikali zote nilizozitumikia, na nimewaona watu wakipigwa mishale kwa ajili yake.

Chacha alikwenda kumwita mfuata nyayo, ndugu wa ukoo wake, Mzee Nyamhanga. Walianzia bomani kwa Magoiga, wakafuata alama za lori mpaka kijijini, nyuma yao wanaume wa ukoo wakiwa na pinde. Siku ya pili mgambo alinifuata Mugumu, akasema ninaitwa nje ya kijiji kile, mimi na Marwa, na ni vizuri twende na lori. Nilidhani limeharibika kitu. Nilibeba hata kisanduku cha vifaa.

Niliwakuta wamekaa kando ya njia. Nikawaamkia. Mzee Nyamhanga aliitikia, akanionyesha ardhi kwa fimbo yake. "Lori lililombeba ndugu yangu lina mguu mmoja mmoja nyuma," alisema. "Limeingia hapa. Halijatoka. Lililotoka lina miguu miwili miwili, na hilo halikuingia. Mimi mambo ya magari siyajui, mura, kijana wangu. Nakuuliza tu, lori liko wapi?"

Nilimweleza yote, stadi ndefu, nati za kikombe, ringi mbili. Nilimwonyesha lori lenyewe, lililokuwa limesimama nyuma yangu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya upole, "Kumbe ni wewe uliyefuta nyayo." Marwa alinishika mkono, akaninong'oneza nisijibu tena. Nilimtazama nikaona jasho limemtoka puani, na ndipo na mimi hofu ikaniingia. Nilikuwa mume wa mtu, na mke wangu alikuwa mja mzito. Wanaume wawili wenye pinde walikuja kukaa kila upande wangu, hawakunigusa, na mmoja wao alinipa maji ya kunywa. Kwa kunipa maji ndivyo nilivyojua siondoki.

Katibu Tarafa alifika kwa pikipiki, kijana mchangamfu, akacheka. Akasema mzee ameliwa na fisi na watu wanapoteza muda wa kulima. Mzee Nyamhanga alimjibu kwamba fisi naye ana miguu, amwonyeshe zilipo nyayo zake. Katibu alizunguka zunguka akitazama chini. Baada ya hapo hakucheka tena, wala hakuondoka. Wanakijiji walikuwa wamesimama mbali upande wa pili, nao wameshika silaha zao, kwa sababu walijua saa yoyote ng'ombe wao wataswagwa.

Ndipo mzee akatoa hukumu yake. Lori lililoingia litoke. Likitoka, nyayo zake zitaonekana zikitoka, naye atajua pa kuanzia. Katika maisha yangu yote ya kazi sikupata kupewa agizo la ajabu kuliko hilo, wala sikupata kulitii agizo haraka hivyo. Marwa alipelekwa kwa pikipiki ya Katibu, akarudi na trekta limebeba magurudumu ya zamani. Tuliliingiza lori mpaka katikati ya kijiji, pale pale liliposimama siku ya mvua, nikapiga jeki.

Kuvua dabo si kazi ngumu. Ni kazi ile ile ikirudi nyuma, nati ya nje, ringi ya nje, nati ya kikombe, ringi ya ndani. Lakini siku hiyo mikono yangu iliona ugeni. Jua lilikuwa la utosini, kijiji kizima kimesimama, na hapakuwa na sauti. Hakuna mtoto aliyelia. Kuku walikuwa wamejibanza chini ya vihenge kama kuna kipanga angani, na anga lilikuwa tupu. Nilipokaza gurudumu la mwisho na kulishusha lori, mbwa waliokuwa wamelala kivulini waliinuka wote kwa pamoja, wakaondoka polepole kuelekea maporini, mikia chini. Marwa aliwaona. Akafunga dirisha lake.

Lori likatoka kijijini taratibu. Mzee Nyamhanga alitembea ubavuni mwake ameinama, macho yakitoka kwenye alama mpya kwenda kwenye alama kavu za siku ya mvua, zilizokuwa sambamba. Hatukuwa tumekwenda mbali aliponyoosha fimbo. Lori likasimama. Akaniita mimi, si mwingine. "Fundi. Tairi lako lina misumari?"

Nilipiga magoti. Alama mpya, iliyochapwa kwenye vumbi lililofunika udongo mkavu, ilikuwa safi, meno matupu ya tairi. Katika alama kavu, meno yalikuwa yale yale, mpira ule ule, lakini kati yake palikuwa na vitundu vidogo vya vichwa vya misumari, vimepangwa kama vile washona katambuga wanavyoipanga kwenye mikanda. Baada ya hatua ya mtu, tena vitundu. Baada ya hatua, tena. Mzee Magoiga alikuwa amevaa tairi la lori lile miguuni. Siku ile ya mvua, watu walipokimbilia vibandani, yeye aliteremka, akageuka, akatembea ndani ya njia ya gurudumu kurudi alikotoka, na nyayo zake zikamezwa na nyayo za lori. Wafuata nyayo walipita juu yake kutoka boma hadi kijijini bila kumwona. Mzee Nyamhanga alikaa chini kidogo, akafuta uso kwa kiganja. Nafikiri aliona haya, ingawa hakukuwa na mtu aliyemlaumu.

Tukawa tunamfuata sasa. Wanaume walitangulia kwa miguu, lori nyuma yao kwa gia ya kwanza. Pande zote mbili za njia kulikuwa na maboma yaliyohamwa, kuta zimesimama bila paa, milango imeng'olewa. Nilikuwa nimeyapita mara nyingi bila kuyajali. Siku hiyo kila tundu la mlango lilinitazama, na nilijikuta ninatembea karibu sana na lori. Mvua ilikwisha kuacha majuma mengi, na bado nyasi za njia ile zilikuwa na maji.

Nyayo zikaingia kwenye boma la Magoiga. Marwa alisimamisha lori nje ya uzio, akakataa kuliingiza. Sisi tukaingia: Mzee Nyamhanga, Chacha, wale wawili wa pinde, Katibu Tarafa na mimi. Ua ulikuwa umefagiliwa. Niseme tena, umefagiliwa, alama za ufagio zinaonekana. Nyumba haikuwa na paa wala mlango, maana tulivichukua wenyewe, lakini ndani mafiga yalikuwa na jivu, na Chacha alipolitia mkono alilitoa haraka. Lilikuwa la moto. Mlangoni pa zizi palikuwa na kigoda cha miguu mitatu, kimetazama barabara. Nilimwita Marwa aje achungulie uzioni. Akatikisa kichwa akasema kigoda hicho alikishusha yeye mwenyewe kijijini, kwa mikono yake.

Tulitafuta kila mahali. Hapakuwa na pa kujificha, nyumba isiyo na paa haifichi hata panya. Chacha alimwita baba yake, "Tata! Tata!" na sauti yake ikarudi kutoka ukutani. Mzee Nyamhanga alitoka, akauzunguka uzio wote kwa nje, akiinama na kuinuka, tukimngoja. Aliporudi alisema, "Hajatoka." Hakusema amekufa, wala hakusema amepotea. Kwa sheria yao, nyayo zilizoingia bila kutoka zipo ndani, na mwenye mahali ndiye wa kujibu. Mwenye mahali alikuwa Magoiga mwenyewe. Wale wenye pinde walitazamana, hawakujua wamdai nani.

Chacha alisimama mbele ya kile kigoda, akazungumza Kikurya cha ndani cha kwao kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na baba yake baada ya chakula. Marwa alinitafsiria kutoka upande wa pili wa uzio. Alimwambia, "Tata, lori limerudi. Nimekuja kukuchukua mimi mwenyewe, si serikali. Twende." Kisha akakibeba kigoda, akatoka nacho, nasi tukamfuata.

Mzee Nyamhanga alinisubiri nje kidogo ya lango, akanishika shati nisiende. Udongo wa pale ulikuwa vumbi laini. Akanionyesha kwa fimbo, moja baada ya nyingine: huyu Chacha, hawa vijana wawili, hivi viatu vya Katibu, hizi ndara zako. Halafu fimbo ikasimama. Juu ya alama ya ndara yangu, yaani baada yangu, mimi niliyekuwa wa mwisho kutoka, palikuwa na meno ya tairi na vichwa vya misumari. Hatua zilikuwa fupi, za mtu mzima anayejihurumia magoti. Zilikwenda mpaka nyuma ya lori, zikaishia hapo.

"Usimwambie mtu," mzee alinong'ona. "Mwambie dereva aende polepole."

Hatukuambiana kitu, lakini hakuna aliyekaa mbele ndani ya bodi, kwenye ubao ambao wazee hupenda kukaa ili upepo usiwapige. Wote tulisimama pembeni tumeshika mbao. Marwa aliendesha kama amebeba mayai. Mara moja tu lori lilipiga shimo, na Chacha akanyoosha mkono haraka kuelekea ule ubao mtupu, kisha akaurudisha taratibu.

Kijijini walikuwa bado wamesimama. Lori likafika katikati, likazimwa. Mimi niliruka kwanza nikaenda nyuma kufungua ubao wa bodi, kwa mazoea ya kazi. Chacha aliteremka, akaweka kile kigoda chini kiwe ngazi, akasogea kando na kuinamisha kichwa. Nikabaki mimi karibu na bodi. Sijui nani aliniamuru. Niliunyoosha mkono wangu juu, kama unavyomnyooshea mzee anayeteremka, nikasema, "Shikamoo, mzee." Watu wote waliniona. Nikasikia injini ikipoa. Kisha Mzee Nyamhanga akainama kuitazama ardhi kando ya kigoda, akaitazama kwa muda, akainuka akawaambia wenye kijiji, "Ameingia kwenu. Mmempokea?" Mwenyekiti wao, mtu mwenye mwili mkubwa, akajibu kwamba wamempokea. Pinde zikashushwa.

Hapo hapo Mzee Nyamhanga alinigeukia, akasema sasa naweza kulivisha gari langu viatu ninavyovitaka. Nilifunga dabo kesho yake asubuhi, na yeye alikaa akinitazama. Nilipomaliza alinitaka nilisogeze lori mbele hatua chache, akaita wazee wawili waone alama za zamani zinapoishia na mpya zinapoanzia. Tangu siku hiyo, mpaka nastaafu, sikupata kubadili magurudumu ya gari lolote bila kumwita mwenye gari nikamwonyesha. Wanafunzi wangu walinicheka, na Bwana Karakana wa Musoma, nilipohamishiwa huko, aliniuliza kama ni dini. Nikamwambia ni utaratibu wa kazi.

Wanakijiji walimjengea Magoiga nyumba, wakaweka mlango wake na kihenge chake. Hufagiliwa mpaka leo. Katibu Tarafa aliomba uhamisho. Malori ya jeshi yalikwisha moja baada ya jingine, yakawa vyuma chakavu, na dabo sasa huja zimekwisha kufungwa kiwandani, kijana hahitaji hata kujua kwa nini matumbo ya ringi hugusana. Sina kinyongo na hilo. Kazi ile iliniharibu mgongo. Nikiulizwa kama naipenda, jibu langu hubadilika kulingana na hali ya hewa.

Nilipostaafu nilirudi kuishi Mugumu, na Chacha, ambaye sasa ni mzee kuliko baba yake alivyokuwa, hupita kwangu akija hospitali. Tumekunywa chai mara nyingi bila kuligusa jambo lile. Juzi nikathubutu. Nilimwuliza kama kweli aliamini siku ile, au alifanya vile ili watu wasiuane. Alikoroga chai yake, hakukasirika.

"Mimi niliinamisha kichwa," alisema. "Sikuona kitu. Wewe ndiye uliyempa mkono, Idi. Wewe ndiye wa kuniambia."

Sikuwahi kumwambia mtu, hata mke wangu, Mungu amrehemu. Lakini yule alikuwa mtoto akiuliza habari za baba yake. Nikamwambia kwamba ulikuwa mkono mkavu, wa moto kidogo, na ulikuwa na uzito. Nilimshikilia mpaka miguu yake ikafika chini.